Singer nyeusi iliyokwama: ichukue au iache?

Mkuu, umeuliza mambo manne kwa mpigo. Umeona Singer nyeusi ya mkono, ina maua ya dhahabu, gurudumu haligeuki hata ukilikamia, na muuzaji mwenyewe anasema siku hizi ni pambo tu. Uichukue? Ukiichukua, utaifufua vipi bila kuwa fundi? Upake rangi upya? Na uifunge mota? Naona waliotangulia kujibu wamegawanyika: wapo wanaosema achana na chuma chakavu, wapo wanaosema mwagia mafuta uzungushe. Mimi si fundi wa kusomea, ila nimefufua nyingi za namna hii kwa sababu tu siwezi kuipita moja nikaiacha. Nitajibu kirefu, nivumilie.

Kwa ufupi: kukwama si sababu ya kuiacha. Unaiacha kama imepungukiwa na kifaa usichoweza kukipata tena, au kama chuma chake kimepasuka. Hayo mengine yote, kuanzia kutu ya juu juu na uchafu hadi rangi iliyofifia, ni kazi ya mikono na subira.

Nikueleze kwa nini. Cherehani nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 ni chuma cha kusubu kwa nje na chuma kitupu kwa ndani, shafti inazunguka kwenye tundu la chuma na kati yake kuna utando wa mafuta. Mashine ikikaa miaka bila kuguswa, mafuta yale yanakauka na kubaki utando wa kahawia unaonata, na kama aliyekuwa nayo alikuwa akiitilia mafuta ya kupikia ndiyo kabisa, yanaganda yakawa gundi. Nafasi kati ya shafti na tundu ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hiyo gundi kidogo tu inatosha kushika mashine nzima. Muuzaji akijaribu gurudumu likagoma, anasema imekufa. Imeganda tu.

Na usidhani kwamba kila ya zamani ni imara. Kuanzia miaka ya 1960 watengenezaji wengi, Singer wakiwemo, walianza kuweka gia za nailoni. Gia hizo zinazeeka, zinakauka, halafu zinapasuka katikati ya meno hata kama mashine ilikuwa kabatini muda wote. Kwa hiyo ya mwaka 1925 inaweza kukufaa kuliko ya mwaka 1970. Ukikutana na ile ya kizazi cha nailoni, fungua mfuniko wa juu na wa chini umulike gia zote kabla ya kutoa fedha. Nyeusi ya mkono kama hiyo yako haina tatizo hilo.

Jambo jingine kabla sijaingia kwenye ukaguzi: asikuuzie kwa bei ya hazina. Singer walitengeneza mamilioni kwa mamilioni ya mashine hizi, umri peke yake haufanyi kitu kuwa adimu. Na ukisikia habari za zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa, geuka uondoke. Mwaka 2009 uvumi huo ulizuka Saudi Arabia, watu wakawa wanaweka simu za mkononi karibu na sindano za Singer kuukuu eti wapime kama ina zebaki, bei zikapaa hadi polisi wakaingilia. Nimezifungua hadi skrubu ya mwisho, ndani kuna chuma, vumbi la kitambaa na mafuta yaliyoganda. Basi.

Sasa ukaguzi. Kwanza ijue ni ipi. Upande wa kulia wa kitako, karibu na gurudumu, kuna namba iliyogongwa kwenye chuma. Ikiwa na tarakimu tupu bila herufi, ni ya kabla ya mwaka 1900. Kuanzia hapo waliweka herufi mbele: F au Y, au herufi mbili zinazoanza na E kama EC au EE, ni ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kile kilichofungwa mwaka 1980. G, au mbili zinazoanza na A, ni ya Elizabeth, New Jersey, Marekani. Orodha za namba hizo zinapatikana mtandaoni na zitakupa mwaka namba ilipopangiwa kiwanda, si lazima uwe mwaka iliyouzwa.

Namba inapendeza, lakini kinachoamua maisha yako na mashine hiyo ni mahali inapokaa bobini, yaani kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Vuta kile kibati kinachoteleza karibu na sindano utazame.

Ukikuta kichuma kirefu chenye umbo la mtumbwi, na ndani yake bobini nyembamba ndefu, hiyo ni jamii ya 27 au 28 (hizi ni namba za modeli za Singer), au wadogo zao 127 na 128. Kile kichuma (shato) kinabembea mbele na nyuma. Inashona mshono mzuri ajabu, sijui kwa nini watu wanaidharau. Ukikuta bobini ya duara imelala chali mbele ya sindano, ni 66, au 99 ambayo ni ndugu yake mdogo. Na kama bobini inaingilia upande wa kushoto, chini ya kichwa, ikiwa ndani ya kasha lake la chuma, hiyo ni 15. Kwa mtu anayefufua mashine yake ya kwanza, mimi ningemwombea 15. Muundo wake umenakiliwa dunia nzima: viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, Usha wa India, Butterfly wa China, wote wametoa mashine za ramani hiyo. Maana yake kasha la bobini, meno ya kusukuma kitambaa, springi, hata sahani ya sindano (kile kibati chenye tundu la kupitisha sindano) vinapatikana vipya mpaka leo.

Angalizo: bobini ya 15 na ya 66 zinafanana ukiziangalia harakaharaka, lakini hazibadilishani. Ya 15 ni bapa pande zote mbili, ya 66 imebinuka kidogo. Ukilazimisha, uzi wa chini utakutesa na utalaumu mashine bure.

Kisha sindano. Hili ndilo swali la kwanza ninalojiuliza mimi, hata kabla ya kutu. Singer hizo nilizozitaja zote zinatumia sindano ya kawaida ya nyumbani, ile yenye ubavu mmoja bapa kwenye shina. Kwenye pakiti utaiona imeandikwa 15x1, au HAx1, au 130/705 H. Majina matatu, sindano moja. Ile ya viwandani yenye shina la duara, DBx1, haimo kwenye hesabu hii. Lakini ukirudi nyuma zaidi, kwa mfano ile Singer 12 ya kuanzia mwaka 1865 yenye kitako chenye kiuno kama fidla, hiyo inadai 12x1, na 12x1 si kitu cha kuingia dukani ukachukua. Mashine nzuri isiyo na sindano ndiyo hilo pambo analolisema muuzaji wako.

Shato nalo vivyo hivyo. Jamaa yangu alinunua 28 inayong'aa kuliko yoyote niliyowahi kuiona, maua yote yapo, mbao haina mkwaruzo, na ndani ya tumbo hakuna shato. Alihangaika miezi mingi kuitafuta. Kwa hiyo ya kwako hakikisha unaiona kwa macho: shato au kasha la bobini, walau bobini moja, sahani ya sindano, kile kibati kinachoteleza, mguu unaobana kitambaa, skrubu ya kubana sindano. Bati likikosekana si msiba, shato ikikosekana ni msiba.

Baada ya hapo ipindue. Mulika kitako chote, hasa pale bawaba zinapoingia na pale nguzo inapoota kutoka kwenye kitako. Chuma cha kusubu hakipindi, kikianguka kinapasuka, na ufa wa hapo hauna tiba ya nyumbani. Piga jicho meno yanayosukuma kitambaa: yakiwa makali ukiyagusa kwa kidole, sawa, yakiwa yamelala laini, yamekwisha, utahitaji mengine. Nguzo ya sindano, ile fimbo inayoibeba, ikiwa na kutu ya kahawia inayofutika, hamna shida. Ikiwa imechimbika vishimo, itakula tundu lake kila inapopanda na kushuka.

Sasa hilo gurudumu lililogoma. Kuna mambo matatu ya kujaribu papo hapo mbele ya muuzaji. Kwanza, mkono wa kuzungushia una kidole kinachoingia kati ya vijiti vya gurudumu. Kitoe, uzungushe gurudumu lenyewe. Wakati mwingine kilichokwama ni gia za huo mkono tu. Pili, katikati ya gurudumu kuna kitufe kikubwa cha duara. Kilegeze kwa kukizungusha kuja kwako huku umeshika gurudumu. Kitufe hicho ndicho kinachoachanisha gurudumu na mashine wakati wa kujaza bobini. Gurudumu likizunguka peke yake baada ya kukilegeza, basi kilichoshikwa kiko ndani. (Na kinyume chake ni kweli: ukikuta mashine gurudumu linazunguka ila sindano haishuki, na mwenyewe anaiita mbovu, kaza kitufe hicho kwanza.) Tatu, kaza tena kisha tikisa gurudumu taratibu mbele na nyuma. Likisogea kidogo halafu likagonga kitu kigumu, mara nyingi ni uzi uliojisokota au kipande cha sindano iliyovunjika. Lisiposogea kabisa, au likisogea kwa uzito kama lina usingizi, ni mafuta yaliyoganda.

Haya, tuseme umeipata iko kamili. Usiizungushe kwa nguvu. Narudia, maana ndipo watu wanapovunja vitu. Hasa usikamate ule mkono wa mbao ukaukazania. Gia zake na mpini wake ni dhaifu kuliko kilichokwama.

Toa sindano, mguu, bobini na shato au kasha, fungua sahani ya sindano, fungua na bati la kichwani upande wa kushoto. Chini ya meno utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliwa likawa kitambaa kizito, linatoka kipande kizima kwa koleo ndogo. Litoe lote. Kisha angalia nyuma ya ndoano, kile chuma chenye ncha kinachokamata uzi wa sindano, pale inapozungukia. Niliwahi kuletewa 15 iliyosemekana imeshikwa na kutu. Haikuwa na kutu. Nyuma ya ndoano kulikuwa na pete ya uzi mwekundu, imebanwa hadi imekuwa ngumu na inang'aa kama waya. Niliikata kwa ncha ya wembe sehemu moja, nikaivuta mkia wake, ikatoka ikijifungua mzunguko mmoja baada ya mwingine, na gurudumu likageuka kwa kidole kabla sijatia hata tone la mafuta.

Kama si uzi, ni mafuta ya taa. Huu si ufundi wa mitaani, vitabu vya maelekezo vya Singer wenyewe viliandika hivyo: mashine ikikaa muda mrefu ikawa nzito, weka mafuta ya taa kidogo kwenye sehemu za kutilia mafuta, izungushe, ifute, kisha tia mafuta ya cherehani. Fanyia nje au penye hewa, mbali na moto, na toa kwanza mkanda na ile pete ya mpira ya kijaza bobini, maana vinaharibika. Dondosha kwenye kila tundu la juu, kwenye nguzo ya sindano na ya mguu zinapoingia kichwani, kwenye mkono unaonyanyua uzi, halafu ilaze uweke kwenye kila maungio ya chini. Kanuni ni rahisi: popote chuma kinapogusa chuma na kimoja kikasogea, tone moja. Yakichuruzika kwenye rangi, futa hapo hapo.

Kisha iache. Kesho yake rudia. Ukitaka kuisaidia, elekeza mashine ya kukaushia nywele kwenye maungio hadi chuma kiwe cha moto kiasi cha kuvumilika mkononi, weka tone, tikisa gurudumu kwa kushika ukingo wake kwa mikono miwili, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Siku moja litasogea unene wa ukucha. Usishangilie ukalipeleka mzunguko mzima. Endelea kutikisa tu ndani ya nafasi hiyo, itaongezeka yenyewe. Utaona maji ya kahawia yanatoka kwenye matundu, hiyo ndiyo gundi inaondoka. Futa, ongeza, futa. Kwa uzoefu wangu mgumu zaidi huwa ni kichwani: nguzo ya sindano, au ile pini inayobeba mkono wa kunyanyua uzi, kwa sababu hapo ndipo watu husahau kutia mafuta.

Ikishazunguka kwa wepesi, usiishie hapo. Mafuta ya taa yanaosha, hayalainishi, na ukishona nayo chuma kitasagana. Tia mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe, kila mahali, zungusha, futa, acha usiku kucha, tia tena. Mafuta ya injini ni mazito, ya kupikia umeshaona yanachofanya, na zile dawa za kupuliza za kulegeza skrubu zenye kutu zifanye kazi hiyo hiyo ya skrubu.

Tukizungumzia skrubu: kabla ya kufungua hata moja, tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaa kwenye mfereji wa skrubu, upana na unene. Mimi zangu nimezinoa kwa tupa hadi zikakaa sawasawa. Skrubu za Singer zina mistari yao ya kujisokotea ya peke yake, ukiharibu kichwa cha moja huendi kuchukua nyingine kwa muuza vifaa vya ujenzi. Ikigoma, tia dawa, pasha joto, subiri, jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Na zile skrubu za chini zenye ncha iliyochongoka na nati ya kuzifunga, ambazo zinashikilia mikono inayobembea, usiziguse kama hakuna kinachocheza. Piga picha kila hatua. Simu yako ni kitabu cha maelekezo bora kuliko kumbukumbu yako.

Ukifungua kile kitufe cha gurudumu ili usafishe ndani, utakuta washa (pete bapa ya chuma) yenye vimasikio vitatu pembeni na viwili vya ndani vilivyokunjwa. Vile vilivyokunjwa vielekee nje, kwako. Ukirudisha ukakuta kitufe hakiachilii tena gurudumu hata ukikilegeza, ipindishe hiyo washa nusu mzunguko. Inaingia kwa namna mbili na ni moja tu inayofanya kazi. Watu wamewahi kukata tamaa kwa kitu hiki.

Sasa kikaza uzi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashine nyingi "zilizofufuliwa" zinaishia hapa: zinazunguka vizuri, zinashona vibaya. Kile kifaa kina sahani mbili ndogo za chuma ambazo uzi unapita katikati, springi ya kuzibana, nati ya kukaza, na springi nyembamba kama unywele inayodunda juu na chini uzi unapovutwa. Baada ya miaka mingi, katikati ya sahani hizo kuna vumbi, kutu nyepesi, wakati mwingine kipande cha uzi kilichokatika. Kivunje polepole juu ya kitambaa cheupe, panga vipande kwa mstari kwa utaratibu uliovitoa, piga picha ya mstari huo. Safisha sahani hadi ukipitisha kidole husikii mkwaruzo wowote. Unaporudisha, migongo iliyobinuka itazamane. Ukizigeuza, uzi hautashikwa. Usisahau ile pini ndogo ya katikati, ndiyo inayoachilia sahani unapoinua mguu.

Jaribio lake ni hili: pitisha uzi mguu ukiwa juu, uvute, utoke bure. Shusha mguu, vuta tena, usikie uzi unashikwa. Kama hakuna tofauti, pini haifanyi kazi au umeisahau mezani. Na siku zote pitisha uzi mguu ukiwa juu. Ukipitisha ukiwa chini, uzi unakaa juu ya sahani badala ya katikati.

Uzi wa chini unakazwa na skrubu ndogo sana kwenye kasha au shato. Kwa kasha la 15, liweke na bobini yake, lining'inize kwa uzi. Likishuka lenyewe hadi chini, limelegea. Lisiposhuka hata ukilishtua, limebana. Unataka lishuke kidogo kila unapolishtua kisha lisimame. Geuza skrubu hiyo kwa hatua ndogo mno, robo mzunguko ni nyingi, na fanya juu ya sinia, maana ikianguka sakafuni hutaiona tena. Ukishaiweka sawa iache, marekebisho ya kila siku yafanyie juu. Vifundo vikionekana chini ya kitambaa, kaza juu. Vikionekana juu, legeza juu.

Ukishona ikaruka mishono, usikimbilie kusema imepoteza mpangilio wa ndoano. Badilisha sindano kwanza. Kisha hakikisha imeingia hadi mwisho na iko upande sahihi. Kwenye mashine hizi upande bapa unatazama kule ndoano au shato inakopita, na uzi unaingia kwa upande wa mfereji mrefu. Modeli hazifanani, kwa hiyo angalia ndoano ya mashine yako badala ya kunakili picha ya mashine nyingine. Namba nayo: 90/14 kwa pamba ya kawaida, 100/16 ukienda kwenye jinzi, 80/12 kwa chepesi. Sindano kubwa na uzi mwembamba, au kinyume chake, vitaruka mishono tu.

Ikiendelea kuruka baada ya yote hayo, ndipo uangalie urefu wa nguzo ya sindano. Kuna skrubu inayoibana, na kama sindano iliwahi kugonga chuma kwa nguvu, nguzo huwa imepanda au kushuka kidogo. Kwa nyingi za aina hii, sindano ikishuka hadi mwisho kisha ikapanda kama milimita 2 na ushei, ncha ya ndoano inatakiwa iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Zungusha kwa mkono ukiwa na tochi na utaona. Kwenye nguzo nyingine kuna mistari miwili iliyochorwa kwa ajili hiyo; ukiikuta, umerahisishiwa.

Rangi. Hapa nina msimamo na najua kuna watakaonipinga: usiipake upya. Ule weusi si rangi ya kopo, ni varnishi nyeusi iliyookwa juu ya chuma, na maua ni karatasi nyembamba za dhahabu zilizobandikwa na kufunikwa kwa koti jembamba la juu. Ukikwangua, hurudishi. Chukua mafuta yale yale ya cherehani, pamba laini, sugua polepole kwa mviringo, badilisha pamba ikichafuka. Uchafu wa miaka mingi unatoka na weusi unarudi kwa kina ambacho kopo halitakupa. Spiriti isikaribie maua, inayeyusha lile koti la juu. Amonia na sabuni kali vilevile. Maji mengi yanapenya chini ya ua na kulinyanyua. Ukiona dhahabu inaanza kugeuka fedha ukisugua, simama hapo hapo, umefika kwenye ngozi yake. Vibati vyenye kutu visivyo na ua unaweza kuvisugua kwa pamba ya chuma laini yenye mafuta. Siki inatoa kutu, lakini usiitumbukizie kitu chenye koti la nikeli linaloanza kubanduka, litaondoka lote.

La mota: mimi ningesubiri. Shona nayo kwa mkono kwanza, uijue. Mkono mmoja unazungusha, mmoja unaongoza kitambaa, na kwa zipu, kona na ngozi nyembamba hakuna mwendo mzuri zaidi ya huo. Ukishaamua, tazama kama nguzo ya kulia ina kishikio chenye tundu la skrubu ya kufungia mota. Si zote zinazo, na kutoboa chuma hicho sikushauri. Ukipata mota kuukuu, jambo la kwanza ni nyaya. Gamba la mpira la zamani linakauka na kumong'onyoka ukilipinda, waya unabaki uchi ndani ya mwili wa chuma ambao wewe umeushika. Mpe fundi umeme abadilishe zote kabla hujaichomeka hata mara moja, na usome kibati cha mota: ya volti 110 kwenye umeme wa 230 inaungua. Usitie mafuta ndani ya mota yenye vikombe vya grisi, ina grisi yake. Mkanda usikazwe sana, uwe na ulegevu kidogo ukiubonyeza, vinginevyo unavuta shafti upande na mashine inakuwa nzito tena baada ya kazi yote hiyo.

Kama bado hujatoa fedha, rudi uivute ile bati ya karibu na sindano, upige picha ya kilicho chini yake, na ile namba ya kitakoni. Weka zote mbili hapa. Nikiiona shato nitakuambia kama ni yake au ni ya mashine nyingine, maana hilo nalo hutokea.